Taa Mpya za Mwalimu Klachi

Inatangazwa kwa watumiaji wote wa barabara, wenye magari, wenye baiskeli, wenye miguu yao wenyewe na mbuzi wasio na mwenyewe, kwamba Mwalimu Klachi, mwanzilishi, mkurugenzi, mwalimu pekee na mfagiaji wa chuo cha udereva chenye gari moja, amelipatia gari hilo taa mpya. Amezibuni mwenyewe na kuzifunga mwenyewe. Hakuna fundi aliyegusa hata skrubu, na mambo yalipoharibika hakuna fundi aliyekubali kuhusishwa. Ubinadamu umepiga hatua. Dereva wa teksi aliyepoteza kioo cha pembeni katika hatua hiyo anaombwa kuwa na moyo mkubwa.

Jina la Klachi alipewa na wanafunzi, kwa sababu ndilo neno alilokuwa akilisema kuliko salamu. Gari likizimika, klachi. Gari likiruka, klachi. Mwanafunzi mmoja alimwambia amefiwa na mjomba, naye, bila kutoa macho barabarani, akajibu, "Pole sana, klachi." Chuo chenyewe ni chumba cha pembeni nyumbani kwake. Mle ndani kuna benchi, ubao wenye njia panda iliyochorwa kwa chaki ambayo haijafutwa tangu chuo kifunguliwe, na usukani uliopigiliwa misumari mezani. Hapo ndipo watu wazima hukaa wakizungusha usukani usiokwenda popote, huku yeye akitembea nyuma yao na rula na kuimba, "Kushoto. Kulia. Kushoto. Nimesema kushoto, mama, huo mkono unaolia nao ni wa kulia."

Kushoto na kulia ndiyo biashara yake. Muuza samaki anauza samaki, Mwalimu Klachi anauza kushoto na kulia. Msomaji alishike hilo, kwa sababu mwenyewe alilisahau.

Gari lilikuwa dogo, rangi yake imechujuka mpaka hakuna aliyekuwa na uhakika ilikuwa rangi gani, na taa zake za mbele zilikuwa na ukungu wa manjano kama macho ya mtu aliyeamshwa kabla ya kushiba usingizi. Lilifanya kazi. Hilo ndilo lililomuudhi. Siku moja alisimama kwenye makutano, na mbele yake likasimama gari la kijana fulani ambalo indiketa zake hazikuwaka na kuzima kama za watu wengine. Zilitiririka. Mwanga ulianzia ndani ukakimbilia nje, taratibu, kama mtu anayemimina chai kwa mikogo. Mwalimu aliliangalia mpaka mwanafunzi wake akamgusa bega. Alirudi nyumbani hasemi. Mkewe alimwekea mkono kwenye paji la uso kuona kama ana homa. Angekuwa na homa ingekuwa nafuu kwa wote.

Masomo aliyapata kwenye simu. Kulikuwa na video za mtu mmoja mwenye glavu safi, katika gereji safi, akizungumza lugha ambayo mwalimu wetu hakuijua hata neno. Akaizima sauti. Alisema maneno yanamchanganya, yeye anajifunza kwa mikono. Kwa hiyo kila tahadhari ambayo mtu yule alitoa ilikwenda kwa wengine.

Jambo la kwanza alilojifunza kwa mikono ni kwamba kioo cha taa kimebandikwa kwa gundi, na gundi hiyo hailegei mpaka ipate joto. Nyumbani kwake joto la kupimika lilipatikana mahali pamoja tu, kwenye oveni ya mkewe, ambaye huoka keki za kuuza.

"Baba watoto," mkewe akaita kutoka jikoni, "kuna nini kwenye oveni?"

"Taa."

"Taa ya oveni imeungua?"

"Taa ya gari. Nimeiweka moto mdogo."

Mkewe akaanza kukunja vidole kimoja kimoja, kama mtu anayehesabu waliokuwepo siku anaolewa na wakanyamaza.

"Moto mdogo," akarudia. "Na ikiiva utaniita niigeuze, au unaila hivyo hivyo?"

Taa zilifunguka, hilo hatumnyimi. Ila oveni ilishika harufu, na wiki nzima keki za nyumba ile zilinukia bampa. Mteja mmoja alirudisha keki ya mwanawe akisema ni tamu lakini inakumbusha ajali.

Zikafuata siku za mateso ya uani. Taa zililala juu ya magazeti kama wagonjwa, yeye akizipaka rangi nyeusi kwa ndani, akibandika utepe wa taa ndogo ndogo, akiubandua, akiupandisha juu kidogo, akirudi nyuma hatua kadhaa na kufumba jicho moja. Weupe haukumridhisha. Mmoja ulikuwa na umanjano, mwingine ulikuwa na ubuluu, na yeye alitaka weupe wa katikati, ambao alikuwa akiueleza kwa wapita njia waliokuwa wamekuja kuuliza mambo mengine. Alibadilisha utepe mara nyingi kuliko mtoto mchanga anavyobadilishwa nepi. Wanafunzi wakakaa kwenye usukani wa mezani muda wote huo, wakiendesha meza.

Alipofika kwenye waya, alizitupa za zamani zote. Zilikuwa na rangi mchanganyiko, ya kijani, ya kahawia, yenye mstari, na akaona mtu akifungua boneti atadhani mle ndani mmemwagika tambi. Akanunua waya nyeusi tupu. Nyeusi kwa nyeusi, zikalala pamoja kama mkeka. Ili azitambue, alichukua rangi ya kucha ya mkewe, nyekundu, akaamua kwamba waya wa indiketa ya kulia atautia doa, na wa kushoto atauacha.

Sasa tumsindikize polepole, maana ndipo alipozamia. Mwalimu Klachi alisimama mbele ya gari, boneti imefunguliwa, kitambi kimeegemea bampa, uso wake ukitazamana na uso wa gari. Akajiuliza kulia ni wapi. Akaunyanyua mkono wa kulia, ule anaolia chakula, akaushusha moja kwa moja kwenye waya ulioelekea taa ya upande huo, akautia doa.

Mtu yeyote aliyewahi kumfunga mtoto vifungo vya shati anajua kwamba mkitazamana, mkono wako wa kulia unaangukia upande wake wa kushoto. Mtu huyu aliufundisha ukweli huo kwa rula. Aliuchora ubaoni. Siku hiyo aliupita kama asiyeujua.

Kwa taa za nyuma alisimama nyuma ya gari, akitazama kule linakotazama. Huko kulia kwake kukawa kulia kwa gari, na kila kitu kikakaa sawa. Kwa hiyo gari likatoka uani likiwa na tabia ambayo tumezoea kuiona kwa wanadamu tu: aliye nyuma yake linamwambia kweli, aliye mbele yake linamdanganya usoni. Na mshale mdogo wa dashibodi, anaouona dereva, ulikuwa upande wa kweli. Yeye akiwa kwenye kiti hakuona kosa lolote. Aliona mshale, akasikia tiki-tiki, akatabasamu.

Siku ya kwanza mtaani alipita polepole kama anayepeleka bibi harusi. Kinyozi, ambaye kibanda chake kinatazamana na kona, alikuwa wa kwanza kusema.

"Mwalimu, hongera kwa taa. Ila umeonyesha kulia, ukakata kushoto."

Mwalimu akasimamisha gari. Hakukasirika. Alikuwa na huruma ya mtu anayejua.

"Wewe ulikuwa umesimama wapi?"

"Hapa hapa. Mbele yako."

"Basi. Mtu wa mbele kushoto kwake ni kulia kwa dereva. Ndiyo maana wengi mnaanguka mtihani."

Kinyozi akafikiri, mashine ikinguruma hewani, mteja wake akiwa na nusu kichwa. Akageuka akaangalia kule gari linakoangalia. Akageuka tena. Akanyoosha mkono mmoja, akaushusha, akanyoosha mwingine. Mwishowe akarudi kwenye kichwa cha mteja, mahali ambapo angalau alijua mbele na nyuma.

Na sisi wengine tukanyamaza vile vile, tusijifanye hatukuwepo. Mwenye kuuza kushoto na kulia kasema. Wewe muuza vocha utabisha na nini? Hata yule dereva wa teksi, aliyekuja kwa mbele, akaona mwanga unatiririka upande mmoja, akajua mwenzake anaelekea huko, akaendelea na safari yake na kukatiwa kioo cha pembeni, alishuka na matusi mdomoni na akapanda tena akiwa ameomba radhi. Tulimwona akiokota kioo chake na kutikisa kichwa, akijinong'oneza, "Kulia kwake. Kushoto kwangu. Sawa."

Mambo yangeendelea hivyo mpaka bima za mji zifilisike, kama si shemeji.

Shemeji ni mdogo wake mke wa mwalimu. Alikuwa akishona kola katika kiwanda cha mashati. Hakushona mashati, alishona kola tu, kola juu ya kola, mpaka akawa anawatazama watu shingoni wakimsalimia. Kisha dobi mmoja mkubwa, anayefua mashuka ya hospitali, akatafuta dereva wa gari la mashuka, na akamwambia: lete leseni Jumatatu, kazi yako, usipoileta, kuna mpwa wangu anaingoja. Shemeji akaenda siku hiyo hiyo kumuaga msimamizi wake wa kola. Alimuaga kwa kirefu. Alimweleza kola zake, roho yake, na harufu ya kinywa chake, mbele ya vyerehani vyote. Kwa hiyo kurudi hakukuwapo. Ama leseni, ama akae kwa dada yake akipasua mayai ya keki.

Naye alijifunza kweli. Alikuwa na mkono mwepesi na macho ya mbele. Swali alilouliza ni moja tu.

"Shemeji, mbona wanaokuja mbele yetu wanapiga honi sana?"

"Wanazisalimia taa," akasema mwalimu. "Klachi."

Mtihani ulikuwa Ijumaa asubuhi, katika uwanja wa vumbi uliopangwa matairi na mapipa. Magari ya vyuo yalisimama kwenye mstari, watahiniwa wakifuta viganja kwenye nguo. Mtahini alikuwa mtu mwembamba mwenye kofia na kalamu iliyofungwa kamba shingoni, asiye na haraka na asiye na utani. Kabla ya kuingia kwenye gari lolote alikagua taa. Akaja akasimama mbele ya gari la Mwalimu Klachi. Shemeji alikuwa kwenye usukani, mgongo wima.

"Kushoto," akasema mtahini.

Shemeji akasukuma kijiti cha indiketa. Mshale wa kushoto ukakonyeza kwenye dashibodi. Huko nje, upande wa kulia wa gari, mwanga ukaanza kutiririka kwa maringo.

"Nimesema kushoto."

"Ndiyo mzee. Hiyo kushoto."

"Binti, hiyo kulia."

Shemeji akatazama mshale. Akatazama uso wa mtahini. Akasema kwa adabu yote, kama alivyofundishwa:

"Samahani mzee, ni kwa sababu umesimama mbele. Mtu wa mbele huwa anachanganyikiwa."

Foleni nzima ikavuta pumzi. Mtahini akaivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Nimesimama mbele ya magari tangu hujazaliwa," akasema. "Sijawahi kuchanganyikiwa. Nimewahi kugongwa."

Akazunguka nyuma. "Kushoto." Taa ya kushoto. Akarudi mbele. "Usiguse kitu." Taa ya kulia. Akaenda tena nyuma, akarudi tena mbele, safari hii akikimbia kidogo, kama anayetaka kulifumania.

"Mwenye gari hili nani?"

Mwalimu Klachi akajitokeza akifunga kifungo cha koti. Wallahi alidhani anaitwa kupongezwa.

"Ni mimi mzee. Nimezitengeneza mwenyewe. Ukiziona gizani ndiyo—"

"Simama hapa nilipo mimi. Nionyeshe upande wa kushoto wa gari."

Mwalimu akanyoosha mkono bila kusita, na akapatia. Hilo ndilo la kuudhi: alikuwa anajua.

"Vizuri. Taa inayowaka iko upande gani?"

Mwanga ulitiririka, ukatiririka tena.

"Iko pale," akasema mwalimu.

"Pale ni wapi?"

"Inategemea."

Mtu mmoja kwenye foleni akakohoa kikohozi kisicho na ugonjwa. Mtahini akaandika kitu, akakifuta.

"Siingii kwenye gari linalosema uongo. Likigongwa, nani atanipeleka hospitali? Nina hawa waliobaki. Nikiwamaliza naondoka, na mtihani mwingine ni msimu ujao. Gari likiwa linasema kweli kabla sijamaliza, nitapanda. Halisemi, binti aende nyumbani."

Shemeji akashuka. Alikimbilia kwanza kwa mwalimu wa chuo cha jirani, mama mnene mwenye gari la kahawia na taa zile zile lilizotoka nazo kiwandani, akaomba amwazime. Yule mama akamwambia kwa upole kwamba gari lake lina watu sita wanaolingoja na wote wametapika asubuhi kwa hofu, asingeweza kuwaambia wasubiri. Akarudi. Mwalimu Klachi alikuwa bado amesimama pale pale, akizifuta taa vumbi kwa leso.

"Shemeji, fungua boneti."

"Tutarekebisha nyumbani. Taratibu."

"Nyumbani hakuna mtahini."

"Si kosa kubwa. Ni suala la mtazamo. Ukimwomba asimame nyuma—"

"Shemeji, Jumatatu gari la mashuka anapewa mpwa."

"Kazi zipo nyingi. Kwani kola—"

Hakumaliza, kwa sababu alimwona usoni. Akafungua boneti.

Mle ndani kulikuwa kusafi kama kaburi la tajiri. Waya nyeusi zilikuwa zimelala sambamba, zimefungwa pamoja kila baada ya shubiri, na katikati yake kiboksi kidogo kinachofanya taa zitiririke. Na doa moja jekundu la rangi ya kucha kwenye waya ulioelekea upande wa kushoto. Shemeji aliliangalia doa, akaiangalia taa, akamwangalia mwalimu. Hata mshona kola aliweza kusoma.

"Badilisha hizi mbili."

"Zinapita kwenye kiboksi. Ukizikata, kiboksi kinakufa. Hazitatiririka tena. Shemeji, nisikilize, usiku na mchana nimekaa na taa hizi, weupe ule sikuupata kirahisi, nilirudisha utepe dukani mpaka yule wa dukani akawa ananiita—"

Shemeji alikuwa ameshafungua mkoba. Akatoa mkasi wa kushonea, ule mkubwa, kitu pekee alichoondoka nacho kiwandani, na akakata. Alikata waya wenye doa, akakata usio na doa, na kiboksi, kilichokuwa kimening'inia katikati yao, akakikata pia na kumkabidhi mwenyewe kiganjani.

"Sasa zote zimekufa," akasema. "Zifufue. Kila moja upande wake."

Kwenye mstari walikuwa wamebaki watu watatu. Mwalimu Klachi akapiga magoti kwenye vumbi na koti lake. Akamenya waya kwa meno. Akazisokota, wanafunzi wa vyuo vyote wakiwa wamesogea kuangalia kama watu waliosikia kuna nyoka. Mmoja akamsaidia kwa tepu nyeusi. Mwingine, bila kuombwa, akamsaidia kwa maneno: "Mwalimu, klachi." Walicheka mpaka yule mama mnene. Mwalimu akawasha, akakuta hajaugusanisha waya wa chini na bodi ya gari, akasokota tena. Mstarini akabaki mtu mmoja, naye alikuwa anaanguka mtihani kwa kasi, pipa baada ya pipa.

"Kushoto," akasema shemeji mwenyewe kutoka kwenye usukani, na akasukuma kijiti.

Kushoto kukawaka. Kukazima. Kukawaka. Hakuna kilichotiririka. Zilikuwa indiketa za kawaida kabisa, kama za gari la mama mnene, kama za gari la mtu yeyote asiyejipenda.

Mtahini akaja akasimama mbele, akazunguka nyuma, akarudi mbele, akangoja kidogo kuona kama gari litabadili maneno. Halikubadili. Akafungua mlango na kukaa ndani. Tuliliona likiondoka, likipita kati ya mapipa bila kugusa hata moja, likirudi kinyumenyume kwenye matairi, likikata kona, na kila kona likisema kwanza kule linakokwenda kisha likienda huko huko. Mwalimu Klachi alilifuata kwa macho, kiboksi mkononi, na hakusema klachi hata mara moja.

Shemeji aliposhuka karatasi ilikuwa mkononi mwake imeshasainiwa. Hakurukaruka. Aliikunja mara mbili akaiweka kwenye mkoba chini ya mkasi, akaanza kutafuta pikipiki ya kumpeleka kwa dobi, maana hakuwa na hamu ya kupanda gari na shemeji yake tena siku hiyo.

Mtahini alikuwa bado hajaondoka. Alimsogelea mwalimu, akaiachia kalamu ining'inie kwenye kamba yake, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo alionekana anataka kujua jambo kwa faida yake mwenyewe.

"Mwalimu," akasema, "wewe ndiye unayewafundisha watu hawa kushoto na kulia. Nimekupasishia wanafunzi wengi, wote wanajua. Ulipokuwa unafunga hizi taa, ulikuwa unafikiria nini?"

Tulisogea wote, maana mtu huyu alikuwa na hotuba ya kila jambo, na tulijua hapa itatoka iliyo ndefu kuliko zote, ya mtazamo, ya mbele na nyuma, ya anayesimama wapi. Mwalimu Klachi alizitazama taa zake. Zilikuwa bado zinawaka na kuzima, kushoto, kushoto, kushoto.

"Rangi," akasema.